Mahali Nilipoandika "Kama Kawaida"

Mwikali mwanangu,

Nakusikia huko nyuma ukibishana na baba yako juu ya blanketi, na mimi niko huku mbele kwenye cyber nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo. Nimefunga mlango wa barabarani mapema. Kuna mtu amegonga akitaka kopi ya kitambulisho, nikamwambia stima imepotea, na taa anaiona inawaka. Ameondoka akinung'unika. Ndivyo nilivyo, uongo mdogo hunitoka kabla sijafikiri, na barua hii inahusu mmoja ambao haukuwa mdogo.

Mambo ya blanketi, unga na kanisa utakalosali kule Tulia kwenye kazi yako mpya nimemwachia baba yako, anayaweza. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili tukichambua maharagwe uliniambia vitu viwili, ukiviambatanisha kama vile si kitu. Cha kwanza, kwamba kwenye intavyu walikuuliza kosa lako kubwa ni lipi, ukawaeleza jinsi mfumo ulioutengeneza ulivyomfanya mama mjane apoteze udongo wa shamba lake. Cha pili, kwamba huo mfumo mpya unaokwenda kuuanzisha, wa vikundi vinavyojenga mabwawa ya mchanga, hutauandikia faili la kanuni. Ulisema, "Mama, lile faili ni bure. Msaidizi analisoma leo, kesho halisomi. Nitaziweka kanuni kichwani mwangu, nimwambie AI moja moja mwenyewe, na wale watu wa vikundi sitawasumbua na maswali."

Nikaendelea kuchambua maharagwe. Ulidhani sijasikia, ukarudia, nikasema, "Ni sawa, wewe ndiye umesoma." Haikuwa sawa, na nilijua papo hapo kwamba haikuwa sawa. Unakwenda kuanza kazi yako ya kwanza ya maana ukiwa na funzo la uongo, na mimi ndiye niliyekufundisha. Kosa la shamba la Susu Syokau, huyo bibi mjane, si lako, Mwikali. Ni langu. Na si kwamba nilikosea tu, nilificha, na nilificha kwa akili timamu.

Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, maana nusu yake hukuwepo.

Unakumbuka ule mwezi wa nane ulipokuja likizo, tukaamua mwethya wetu, kikundi cha kuchimbiana mitaro mashambani kwa zamu, upate programu. Daftari langu la ukatibu lilikuwa limechakaa, nyumba ishirini na mbili zimetawanyika huko milimani, na kila Jumanne kuna watu wawili wanafika na jembe kwenye shamba ambalo si lenyewe. Nikasema hii AI inaniandikia barua za wateja vizuri, iniandikie na programu ya zamu, itume meseji, kila mtu ajue tunachimba kwa nani. Nilitaka tufungue tu tuanze. Wewe ukakataa. Ulivuta kiti karibu na mashine ya kopi ukaniambia, "Kabla hajaandika mstari mmoja, tumtayarishie mahali pa kufanyia kazi."

Ulikaa siku mbili ukitayarisha, na mimi nikipita nyuma yako nikisema, ah, mtoto huyu na taratibu zake. Ulifungua folda, ukawasha ile historia inayoandika kila badiliko, nani amelifanya na lini. Ukaweka kufuli kwamba meseji zote ziende kwenye namba yangu kwanza, zisimfikie mtu yeyote mpaka niziangalie. Kwa majaribio ukatia majina ya kubuni badala ya majina ya watu wetu. Halafu ukaandika lile faili. Ulinieleza kwa lugha ambayo hata Susu Syokau angeielewa, ukasema huyu msaidizi kila ukimfungua ni mtu ameajiriwa asubuhi hiyo, ya jana hakumbuki, anachojua ni kilichoandikwa ndani ya folda. Kwa hivyo ukaandika mfumo ni wa nini, unatumiwa na nani, majaribio yanaendeshwaje, neno zamu lina maana gani kwetu. Na mwishoni ukaweka kichwa, Kanuni za Kikundi, na chini yake maswali kumi na moja ya mimi kujaza. Mtu akikosa zamu, nini hufanyika? Mtu akihama? Nyumba ikifiwa? Mvua ikinyesha siku ya kuchimba?

Mimi nilikasirika. Miaka kumi na minne nikiwa katibu, na mtoto niliyemzaa ananiuliza mtu akikosa zamu nini hufanyika. Nikakuambia, "Hayo kila mtu anajua." Wewe ukajibu bila hata kugeuka, "Yeye hajui."

Ungeniona siku uliyokwenda Matiliku kwa shangazi yako kufanya mafunzo ya kazini. Ulikuwa umeniachia kazi mbili, kujaza yale maswali, na kuchukua daftari la zamani nichague wiki kumi zilizokuwa na matatizo, niandike kikundi kiliamua nini kila wiki, ziwe ndizo majaribio ya mfumo. Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa. Kulikuwa na watu wa kujazia fomu, kulikuwa na mwalimu anataka mitihani ichapishwe, na swali la kwanza nikaandika "kama kawaida." La pili, kama kawaida. Nikaona ni jibu zuri. Nikaliweka mahali pote kumi na moja, na la kumi na moja hata sikulisoma.

Majaribio niliandika matatu, ya wiki tatu nyepesi ambazo kila mtu alikuja na hakuna kilichotokea. Hayo mengine nikamwambia AI ajiandikie. Akaandika arobaini, yote yakapita, yote ya kijani. Nikawaonyesha wateja. Yule mwalimu akasema, "Aisee, mama umeendelea." Nami nikavimba kichwa, wakati msaidizi huyohuyo ndiye aliyetunga swali, akalijibu, akajipa alama.

Sasa nisikilize hapa vizuri, maana hapa ndipo ulipodanganyika. Msaidizi hakupuuza kanuni. Alilisoma faili, akaona kama kawaida, na akaniambia. Aliandika kabisa, kwa Kiswahili safi, kwamba hajui kawaida yetu ni ipi, kwa hivyo amechukulia kuwa mwanachama akikosa zamu mbili mfululizo amejiondoa, na nyumba yake ihamie mwisho wa orodha, nami nimrekebishe kama sivyo. Ni mistari mitatu. Kulikuwa na watu watano wamesimama kaunta. Nikabonyeza kukubali bila kuisoma.

Ningekuwa na haraka tu pengine ningepona, maana kufuli yako ilikuwepo. Lakini kila Jumatatu meseji ishirini na mbili zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu, nizisome, niziruhusu. Wiki ya tatu nikachoka, nikamwambia msaidizi aiondoe. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Kisha nikafanya lingine ambalo hata halikuhusu kompyuta. Unajua tulivyokuwa tukipanga. Jumapili baada ya ibada akina mama wanasimama pale kwenye ua wa kanisa, hata kama kunachoma jua, na kabla ya zamu kutajwa watu wanaulizana habari. Fulani mbona hayupo, mtoto wa fulani amepona. Nikawaambia, hakuna haja ya kusimama tena, simu itawaambia. Wakafurahi, kila mtu akawa anakwenda nyumbani kupika. Mimi pia nilifurahi.

Mwezi wa tisa mume wa Susu Syokau akafa. Ulikuja mazishi ukarudi Matiliku siku hiyohiyo. Kwetu nyumba ikifiwa haipigwi jembe mpaka akina mama wenyewe wakubaliane siku, na siku hiyo ikifika inatangulia nyumba zote. Mfiwa naye haulizwi mbona hakuja kuchimba kwa wenzake. Hilo halijaandikwa popote. Hata katika daftari langu halimo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisahau.

Susu hakuja zamu mbili. Programu ikamhesabu amejiondoa, ikamtupa mwisho, baada ya nyumba ambazo tusingezifikia mpaka mwaka mpya. Kila Jumatatu meseji zilitoka, kila mtu akaenda alikotumwa. Mimi niliona jina lake halipo kwenye wiki ile, na ile iliyofuata, nikajiambia lazima iko sababu, mfumo unajua. Haki ya Mungu, nilisema mfumo unajua. Mwenyekiti wetu Kalekye naye alifikiri mimi nimezungumza na Susu. Wengine walifikiri Kalekye amezungumza naye. Hakuna aliyesimama kwenye ua wa kanisa, kwa hivyo hakuna aliyeona kwamba Susu anaondoka peke yake kila Jumapili.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaanza, na unajua shamba lake lilivyo mteremko. Ile mitaro ya juu ilikuwa imejaa mchanga, ilikuwa inangoja kuchimbuliwa. Siku ya tatu ikapasuka. Maji yalichukua udongo kutoka juu mpaka nyuma ya jiko, maharagwe aliyokuwa amepanda yote yakaenda, pakabaki jiwe. Ile mitaro mume wake aliichimba akiwa kijana.

Ulikuwa umerudi jana yake. Ulikuja nasi asubuhi. Kikundi kizima kilikuja na jembe na karai, bila meseji yoyote, na Susu akatuangalia tukiingia akasema tu, "Nilifikiri mmeniacha." Kalekye akanigeukia mbele ya watu wote. "Ndinda, hiyo kompyuta yako ilisemaje?"

Na mimi nikasema, "Ni Mwikali aliiweka hivyo. Mimi natumia tu."

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwamba nilishikwa ghafla. Sikushikwa ghafla. Niliona aibu inanijia, nikaona wewe umesimama pale na karai, nikakupa uibebe. Wewe ulimwendea Susu ukamwambia, "Pole Susu. Nitaangalia nilikosea wapi." Ukainama ukaendelea kuzoa udongo. Mimi nilichimba siku nzima kama mwehu, nikifikiri nikichimba sana itapungua.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimekukosea mara moja. Lakini ulikuwa umesema utaangalia. Nikajua ukifungua folda tu, utaona kama kawaida kumi na moja na jina langu kando. Tulipotoka shambani nikakuambia utangulie nyumbani, mimi niangalie kama maji yameingia cyber. Hakuna maji yaliyokuwa yameingia. Nilikaa nikajaza yale maswali yote, vizuri, kama nilivyotakiwa kuyajaza mwezi wa nane. Nyumba ikifiwa, fanya hivi. Mtu akikosa zamu, fanya hivi. Kisha nikanakili folda upya bila historia yake, nikakuambia baadaye kwamba kompyuta iliingia virusi, ilibidi isafishwe, historia imepotea. Wewe ndiye ulinifundisha historia ni nini. Nilitumia ulichonifundisha kukufungia macho.

Ukaamini, kwa sababu aliyekuambia ni mama yako. Wiki mbili nzima nilikutazama. Faili linasema nyumba iliyofiwa inatangulia, programu inasema inakwenda mwisho, na wewe unatafuta katikati ni nini kilitokea. Unafungua msaidizi upya, unampa faili lilelile, anaandika sawasawa. Unajaribu tena, sawa. Nilikusikia ukisema peke yako, "Leo anafuata, mbona siku ile hakufuata?" Nilikuwa hapo kaunta nikigonga mihuri. Ningeweza kusema. Nilikuletea chai.

Sasa unajua kwa nini hukupata jibu. Ulikuwa unatafuta kosa kwenye karatasi niliyoiandika mara ya pili. Ulipokata tamaa ukaamua msaidizi hasomi kanuni, au umeweka vibaya, na ukaondoka na hilo moyoni. Ulipanga kila kitu sawasawa. Kila kitu ulichokiweka kilikuwa mahali pake, na kila kimoja kingemwokoa Susu kama nisingekiondoa au kukipuuza.

Basi huko Tulia andika lile faili. Hilo ndilo ninalokuomba, na mengine ninayokuambia hapa chini yachukue au uyaache, ni mambo niliyojifunza nikiujenga ule mfumo upya huu mwaka, ukiwa hunisemeshi sana, na nilidhani ni uchovu wa kutafuta kazi.

Nilipoanza upya nilichukua maswali yako kumi na moja nikayapeleka kwa akina mama, kwenye ua wa kanisa, maana nilirudisha ile desturi ya kusimama. Nikawasomea, "Kanuni yenu ni nini mtu akikosa zamu?" Wote wakajibu, unajua wakajibu nini? Kawaida tu. Nikacheka mpaka wakaniuliza kuna nini. Jumapili ya pili nikabadilisha. Nikauliza, "Mara ya mwisho mtu alipokosa zamu mkakasirika, alikuwa nani, na mlifanya nini?" Hapo kila mtu akawa na maneno. Walibishana nusu saa juu ya mtu aliyehama akaacha shamba kwa ndugu yake, kumbe miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa na kanuni yake, na wote wanaiita kawaida. Ilituchukua Jumapili tatu. Kwa hivyo usiwaogope watu wa vikundi, na usiseme utawasumbua. Waulize siku mambo yalipoharibika. Siku zilizokwenda vizuri hazina la kukuambia.

Majaribio niliyaandika kutoka hapo, kwa mkono wangu, kabla msaidizi hajagusa kitu. Wiki ya msiba wa Susu ndiyo jaribio la kwanza. Kila nikibadilisha kitu chochote, hata rangi ya kitufe, jaribio hilo linaendeshwa, na mara mbili limekataa, na mara zote mbili ni mimi nilikuwa nimeagiza ovyo. Anaweza kukusaidia kuandika mengine, ni mwepesi kuliko mimi, lakini yale ya kuamua nini ni haki kwa watu usimwachie.

Faili lenyewe lisiwe refu. Mimi baada ya aibu yangu niliandika kurasa na kurasa, mpaka historia ya mwethya tangu wakati wa nyanya zangu nikatia, nikaona msaidizi anashika la pembeni anaacha la maana. Nikapunguza. Sasa naandika yale tu ambayo mgeni mwenye akili hawezi kuyakisia. Jinsi ya kupanga orodha anajua, haina haja. Kwamba mfiwa anatangulia, hawezi kujua hata awe na akili kiasi gani.

Na mwambie akupe mpango kwanza kabla ya kuandika, kipande kidogo kimoja, ukikubali aandike, ikipita uhifadhi kwenye historia, ndipo kingine. Ni polepole, najua. Akisema "nimechukulia kwamba," wacha kila kitu. Mwambie mteja angoje, mwambie bosi wako angoje. Mistari hiyo ndiyo ya kusomwa kuliko yote atakayoandika. Yangu ilikuwa mitatu, na ningeimaliza kabla ya kopi moja kutoka kwenye mashine.

Kufuli usiiondoe kwa sababu umechoka. Ukichoka, lala.

Mimi simlaumu yule msaidizi. Kwa muda nilifanya hivyo, nilipoona lawama niliyokutwika inaniuma nikaanza kuwaambia watu ni mambo ya AI, hayaaminiki, na kila mtu akatikisa kichwa akakubali kwa sababu ndivyo wanavyosikia kwenye redio. Ilikuwa rahisi mno. Lakini katika kazi ile yote, aliyesema wazi asichokijua ni yeye, mimi na majibu yangu kumi na moja tulinyamaza.

Alhamisi nilikwenda kwa Susu Syokau. Nilikuwa nimepiga moyo konde njia nzima. Nilimkuta ameketi anachagua mbegu, nikamweleza yote, kama nilivyokuandikia hapa, nikalia kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikafikiri atanifukuza au atanisamehe, mojawapo. Akaniuliza, "Mwikali anajua?"

Nikasema bado.

Akarudi kwenye mbegu zake. "Kwa hivyo umeanza na mimi kwa sababu mimi ni rahisi."

Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai. Alinirudishia. Alisema nitamletea siku nyingine, nikishamaliza kazi. Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira.

Jioni ileile nikaenda kwa Kalekye nikamwomba Jumapili anipe nafasi baada ya ibada. Jumapili hii, wewe utakuwa Tulia, nitasimama mbele ya watu walewale niliowatajia jina lako, nitaje langu. Sitaki uwepo. Ukiwepo utanionea huruma, nakujua, utasema Mama basi, na mimi nitakubali haraka. Watakupigia simu wengine, hasa Kalekye. Usiwaambie haina neno.

Pamoja na barua hii kuna flash. Ndani yake iko folda ya zamani, na historia yake nzima, tangu mstari wako wa kwanza. Sikuifuta. Sijui kwa nini, labda nilikuwa najua. Utaona ulichokiandika, utaona nilichojibu, utaona ile mistari mitatu na mimi nikiikubali, na saa. Usiniamini kwa barua, maana maneno yangu umekwisha kuyaamini mara moja na unajua yalikufikisha wapi. Fungua usome mwenyewe. Kisha kama utaona vyema, waandikie wale watu wa kazini uwaambie kosa uliloeleza kwenye intavyu si lako. Au usiwaandikie. Hilo ni jina lako, amua wewe. Ni mimi nilikuwa naamua juu yake mwaka mzima.

Kwanza nilitaka kuweka barua hii kwenye begi lako, chini ya zile sweta, uikute ukifika. Nilikuwa hata nimetafuta bahasha. Halafu nikaona ni mchezo uleule, nifanye nikiwa mbali, wewe ubaki nayo peke yako. Kwa hivyo nitakupa mkononi asubuhi kabla ya chai. Gari lako ni saa mbili, kuna muda. Utaisoma mezani, na mimi nitakaa mbele yako, sitaamka kwenda jikoni, sitakuletea kitu. Ukimaliza, sema lile unalotaka kusema, hata likiwa baya, na kama hutaki kusema kitu, nitakusindikiza mpaka stendi hivyohivyo kimya. Ukinikataza hata hilo, baba yako atakusindikiza, nimeshamwomba awe tayari.

Nakupenda sana Mwikali, na nilikuogopa zaidi ya nilivyokupenda kwa mwaka mzima.

Mama yako,
Ndinda